Bruschetta ina k: kutamka vyakula vya Kiitaliano unapoongea Kiingereza

Kama kuna neno lililoharibu mazungumzo mazuri mezani, ni bruschetta. Mmoja anaagiza "brushetta". Mwenzake anamkatiza: bwana wee, inasemwa "brusketta". Wa tatu, aliyewahi kukaa Italia, anawacheka wote wawili kwa sababu hakuna aliyezipa t mbili haki yake. Mhudumu kasimama na kijitabu chake, na tangu neno la kwanza ameshaelewa kwamba wanataka mkate wa kuchoma uliosuguliwa kitunguu saumu, ukamwagiwa mafuta ya zeituni na kuwekwa nyanya juu.

Nani kasema sawa? Fungua kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani, utakuta matamshi yote mawili, la k na la sh. Fungua kamusi ya Kiitaliano, utakuta moja tu, la k. Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu watu wanadhani wanabishania swali moja kumbe ni mawili. Neno hili linatamkwaje kwa Kiitaliano? Jibu lake liko wazi, linafuata kanuni ambazo mtoto wa darasa la kwanza kule Roma anazijua. Linatamkwaje kwa Kiingereza? Hapo jibu limejaa historia, uhamiaji, majivuno na mazoea ya watu. Tuanze na lile rahisi.

Herufi c na vituko vyake

Warumi wa kale waliisoma c kuwa k popote ilipokaa. Msemaji wao mashuhuri tunayemwona vitabuni kama Cicero, wao walimwita "Kikero". Karne zilivyokwenda, k hiyo ilipotangulia e au i ikalainika vinywani mwa watu, na huko Italia ikaishia kuwa ch. Mbele ya a, o na u haikuguswa. Herufi ikabaki ileile, sauti zikawa mbili: carne (nyama) ni "karne", lakini cena (chakula cha jioni) ni "chena".

Sasa Mwitaliano akitaka kuandika k mbele ya e au i afanyeje? Anachomeka h. Herufi hiyo katika Kiitaliano haina sauti yake. Kazi yake hapa ni kuizuia c isilainike. Che ni "ke", chi ni "ki". Chianti, ile divai nyekundu ya Toscana, ni "kyanti". Na akitaka ch mbele ya a, o au u anafanya kinyume: anachomeka i, ambayo nayo kwa kawaida haisemwi. Ndiyo maana ciabatta ni "chabatta" wala si "chi-a-batta". (Mkate huu wengi wanaudhania wa kale sana, lakini ulibuniwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari, mwoka mikate wa mji wa Adria karibu na Venezia. Jina lake maana yake ni ndala, na ukiutazama ulivyolala bapa utaona sababu.)

G inafuata mkondo huohuo. Gelato ni "jelato". Parmigiano ni "parmijano", i ya kati imemezwa. Spaghetti ina h ili g ibaki kama ya gari. Na funghi, uyoga unaouona juu ya piza, inatamkwa karibu sawasawa na vile ungeandika "fungi" kwa Kiswahili, kwa ng ya fungua na si ng' ya ng'ombe.

Halafu kuna sc. Mbele ya e na i inakuwa sh: prosciutto ni "proshutto". Ukiichomekea h, inarudi kuwa sk. Hili si jambo la mapambo. Pesce, "peshe", ni samaki. Pesche, "peske", ni matunda ya pichi. Anayeona sch na kusema sh anaweza kuomba matunda baada ya mlo akaulizwa anataka samaki gani. Bruschetta iko upande wa pesche: imetokana na kitenzi cha lahaja ya Roma, bruscare, kuchoma juu ya makaa, na h imewekwa pale makusudi ili k ya kitenzi isipotee.

Kinachoshangaza ni kwamba Waingereza na Wamarekani hawana shida na ch ya Kiitaliano kwa jumla. Zucchini wanaisema kwa k. Chianti wanaisema kwa k. Radicchio, gnocchi, zote k. Kwa nini basi wanateleza kwenye bruschetta? Ninavyoona mimi, mkosaji ni Kijerumani. Macho yaliyozoea schnitzel na schnapps yakiona sch yanakimbilia sh, hata kama mwenye macho hayo anasema school na scheme kwa sk kila siku ya maisha yake. Neno maraschino, zile cheri nyekundu za kopo zinazowekwa juu ya aiskrimu, limepatwa na ajali hiyohiyo, na sh yake imekita mizizi kiasi kwamba ukisema "maraskino" katika baa ya Marekani unaweza kuulizwa mara mbili.

Gn ni sauti ambayo hatuhitaji kufundishwa. Ni ny ya nyanya. Gnocchi ni "nyokki", lasagne ni "lasanye", Bologna ni "Bolonya". Mzungumzaji wa Kiingereza anaimudu sauti hii katikati ya neno, kama anaposema canyon, lakini mwanzoni mwa neno ulimi wake unagoma, na ndipo unaposikia "noki" au, kwa asiyejua kabisa, "ginochi". Gl ikifuatwa na i, kama katika tagliatelle au aglio (kitunguu saumu), ndiyo ngumu kwetu pia: ni l inayotamkwa ulimi ukiwa umebanwa kwenye kaakaa. "Talyatelle" na "alyo" zinatosha, hakuna atakayekusuta.

Irabu zao, konsonanti za Mwingereza

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika mambo haya akiwa na bahati ya ajabu, na pia na mtego wake maalumu. Vyote viwili vinatoka mahali pamoja.

Waingereza wa karne ya 19 walipokuwa wakiandika majina ya mahali na lugha za ng'ambo kwa herufi za Kirumi, walikuwa na tatizo: tahajia ya Kiingereza haitabiriki, hasa kwenye irabu. Suluhisho lililoenea kati yao lilikuwa kuandika irabu kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliipitisha kanuni hiyo kwa majina ya mahali mwaka 1885. Kiswahili, kilichokuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, kilipoandikwa kwa herufi za Kirumi na wamisionari kiliangukia mkondo huohuo. A, e, i, o, u zetu ni za Kiitaliano. Ch, sh, j na y zetu ni za Kiingereza.

Kwa hiyo upande wa irabu Mswahili anasoma Kiitaliano bila jasho. Minestrone, calzone, provolone: soma kama ulivyofundishwa kusoma "maneno" na "pole", umemaliza. Mwingereza hapo ana kazi. Lugha yake haipendi kuacha e safi mwishoni mwa neno, ataigeuza i au ataiangusha kabisa, na ndiyo maana Marekani utasikia "minestroni", "kalzoni", "provoloni". Tena irabu isiyo na mkazo katika Kiingereza hufifia mpaka haijulikani ni a, e au o. Mwitaliano hafifishi. Mswahili naye hafifishi. Hata pasta, neno fupi kama hilo, limewagawa wenyewe: Mwingereza anaitamka kwa ile a ya cat, Mmarekani kwa ile a ndefu ya father, na kila mmoja anadhani mwenziwe ndiye anayetia chumvi.

Mkazo nao unatubeba. Kiitaliano huweka mkazo mara nyingi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Mozzarella, fettuccine, pecorino, risotto, zote zinaangukia hapo. Zile zinazokwenda kinyume mara nyingi zinajitangaza: tiramisù, caffè na ragù zina alama juu ya irabu ya mwisho kuonyesha kwamba sauti inapandia pale, ingawa menyu za Kiingereza huitupa alama hiyo. Wasaliti wa kweli ni yale yenye mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho bila alama yoyote, kama basilico (mrehani), mkazo kwenye si, na fragola (stroberi), mkazo kwenye fra. Hayo hayana dawa ila kuyasikia.

Upande wa konsonanti ndipo mtego ulipo. Ch ya Kiitaliano ni k, na yetu ni ch. Akili yetu ikiona bruschetta inasita mahali palepale inaposita ya Mwingereza. Gh yetu ni ya ghali na ghafla, ile tuliyoirithi kutoka Kiarabu, kwa hiyo aliyelelewa Mombasa au Unguja anaweza kuisoma spaghetti kwa koo bila kukusudia. J ni nadra katika Kiitaliano, na ikitokea ni y. Na z! Hapa lazima tukubali kwamba Mwingereza ametushinda. Sisi tunasema "piza" kwa z ya zawadi. Kiitaliano ni t na s zilizobanana, "pittsa", na Kiingereza kimeihifadhi sauti hiyo vizuri. Mozzarella vilevile ni "mottsarella". Z ya gorgonzola ni nyingine, karibu na dz. Hata Waitaliano wenyewe wanatofautiana kimkoa kuhusu z ipi isemwe ts na ipi isemwe dz, kwa hiyo usikeshe kwa hilo.

Liko jambo moja ambalo Waingereza wengi hawalisikii kabisa, nalo ni konsonanti mbili. Aliyesoma chuo cha Kurani akafundishwa shadda, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi, hahitaji maelezo marefu: herufi inashikwa, inakaliwa, kisha inaachiwa, na ukiipita haraka umebadilisha neno. Kiitaliano kina shadda kila mahali, ila hakiweki alama juu ya herufi bali kinaiandika mara mbili. Mfano unaosimuliwa kila siku ni penne, tambi fupi zilizokatwa mshazari. Ukizisema kwa n moja umesema pene, na pene ni uume. Wahudumu wa Roma wamelisikia kosa hilo maelfu ya mara na wana adabu ya kutocheka mbele ya mteja. Kiswahili hakina shadda za kawaida, ila tunayo n inayojisimamia katika nne ile ya kuhesabu. Sema "pe" kisha uishike n kama unayetaka kusema nne, mkazo ukibaki kwenye pe, na utakuwa umekaribia sana. Waganda hawahitaji hata ujanja huo, kwa kuwa Kiganda kina konsonanti za kukaza tele.

Sawa kwa lugha ipi?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba Kiitaliano ndicho hakimu. Lakini mtu anayeagiza chakula kwa Kiingereza anaongea Kiingereza, na Kiingereza kina sheria zake. Chukua pistachio, kungu zile za kijani. Kiitaliano ni pistacchio, "pistakkyo", kwa k iliyokazwa. Kwa Kiingereza ni "pistashio", na sijawahi kusikia mtu akimsahihisha mwenzake. Macaroni ilitoka katika maccheroni zamani sana, ikabadilika irabu na konsonanti, na hakuna anayeona haya. Tofauti kati ya pistachio na bruschetta ni umri tu. La kwanza limekaa katika Kiingereza kwa karne nyingi, limepewa uraia. La pili limeenea kwenye menyu za kawaida katika kizazi hiki na kilichotangulia, na bado watu wanaikumbuka pasipoti yake.

Sisi hatuna mdomo wa kuwacheka. Kitab ya Mwarabu tuliipokea, tukaona ina ki mwanzoni, tukaipeleka ngeli ya ki-vi, ikazaa vitabu. Mwarabu anasema kutub. Ukija Dar es Salaam kutusahihisha utaonekana una matatizo. Keep left ya madereva wa Kiingereza tuliifanya kipilefti, na wingi wake vipilefti. Vivyo hivyo Mwingereza aliichukua panini, ambayo kwa Kiitaliano ni wingi wa panino, akaifanya umoja, kisha akaitia s ya wingi: paninis. Waitaliano huweka wingi mkiani mwa neno, sisi huuweka kichwani, Mwingereza alisubiri s na hakuiona, akadhani ni kitu kimoja. Mwanafunzi wa Kiitaliano anasaga meno akisikia "a panini", lakini katika Kiingereza hilo ni neno halali na lina maana yake: mkate uliobanwa na kuchomwa kwa mashine, si mkate wowote wenye kitu ndani kama panino ya Italia.

Pepperoni imekwenda mbali zaidi. Nchini Marekani ni soseji nyekundu yenye pilipili inayokatwa vipande vya duara juu ya piza. Nchini Italia peperoni, kwa p moja katikati, ni pilipili hoho. Omba piza ya peperoni huko Napoli, uletewe mboga. Latte nayo ni maziwa tu. Anayeitaka kahawa ndani yake hana budi kusema caffè latte. Katika maneno kama haya kusahihisha matamshi hakusaidii kitu, kwa sababu neno la Kiingereza na la Kiitaliano yameshakuwa maneno mawili yanayofanana sura.

Nikiulizwa kosa gani linaniudhi, si "brushetta". Ni lile la kujitia ugeni kupita wageni wenyewe. Mtu amejifunza kwamba z ya pizza ni ts, basi kila z ya chakula anaigeuza ts, mpaka chorizo, soseji ya Kihispania isiyo na uhusiano wowote na Italia, inakuwa "choritso". Wahispania wenyewe husema "choritho", kwa th ya thelathini, na watu wa Amerika ya Kusini husema "choriso". Mwingine anaandika latté kwa alama ya Kifaransa ili ionekane ya kigeni vya kutosha, wakati Kiitaliano hakina alama hiyo hapo na mkazo uko kwenye la. Wamarekani wengi huisema Parmesan kwa ile sauti ya katikati ya measure, sauti ambayo jina la Kiitaliano la jibini hiyo halina hata kidogo. Na mascarpone, jibini laini ya tiramisù, inageuzwa "marskapone", r ikihamia silabi isiyo yake. Hilo nalisikia hata kwa wapishi wenye majina. Espresso inayogeuzwa "expresso" ni jambo la namna nyingine, kosa jepesi. Kiingereza kina express tayari, ulimi unafuata njia unayoijua, na Wafaransa wanaiandika kwa x bila wasiwasi wowote.

Oregano inachekesha kwa sababu yake mwenyewe. Mwingereza anaweka mkazo kwenye ga, Mmarekani kwenye re, na wamegombana kwa hilo kila mmoja akidai kuwa karibu na Italia. Neno lenyewe Kiingereza kililipata kutoka Kihispania, orégano, mkazo re. Kiitaliano ni origano, mkazo ri.

Gabagul

Sasa njoo New Jersey. Katika duka la nyama la Wamarekani wenye asili ya Italia unasikia mzee akiomba "gabagul". Anataka capocollo, nyama ya shingo ya nguruwe iliyokaushwa, ambayo huko pia huandikwa capicola. Mozzarella kwake ni "mutsadel". Ricotta ni "rigot". Mtalii kutoka Milano anasikia na kushika kichwa: hawa wamesahau lugha ya babu zao.

Hawajasahau. Babu zao hawakuwahi kuongea lugha ya Milano wala Kiitaliano cha vitabu. Kati ya mwaka 1880 na 1924, Marekani ilipofunga mlango kwa sheria kali ya uhamiaji, Waitaliano wapatao milioni 4 walivuka bahari, wengi wao kutoka kusini: Napoli, Calabria, Sicilia. Italia yenyewe ilikuwa imeunganishwa kuwa nchi moja mwaka 1861 tu, na mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba wakati huo waliokijua Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 ya watu. Waliobaki waliongea lugha za kwao. Kiitaliano sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Firenze, na kikaenea nchini taratibu kwa shule, jeshi, na televisheni iliyoanza mwaka 1954. Wahamiaji walikwisha kuondoka kabla ya mengi ya hayo.

Kwa hiyo gabagul ina kanuni zake. Katika lahaja nyingi za kusini irabu ya mwisho hufifia mpaka haisikiki, na c na p huelekea g na b. Ichukue "kapokollo", zilainishe konsonanti zake, ikate mkia, umefika. Kumwambia mzee yule kwamba anakosea ni sawa na kumwambia mtu wa Lamu kwamba Kiamu ni Kiswahili kibovu kwa sababu kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiunguja. Kinachoweza kusemwa ni kwamba matamshi hayo ni ya watu fulani wa mahali fulani. Kijana asiye na ukoo huko, aliyeyaokota kwenye tamthilia za televisheni, akiagiza gabagul mgahawani London anaonekana kituko tu.

Karibu na kwetu kuna mfano unaofanana. Wasomali huita tambi baasto, na ukiingia migahawa ya Eastleigh Nairobi utaikuta. Ni pasta ileile iliyoletwa na Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia. Kisomali hakina p, basi ikawa b. Hakuna haja ya kumwita mtu kuja kuirekebisha.

Ukiwa mezani

Kwa anayeongea Kiingereza chake kazini au ugenini na hataki kuonekana mshamba wala mjuaji, ushauri wangu ni kushughulikia konsonanti na kuacha mengine. Sema bruschetta kwa k. Matamshi hayo yanakubalika pande zote, hakuna Mwingereza atakayeshindwa kukuelewa, na Mwitaliano akiwepo atafurahi. Sema gnocchi kwa ny. Usiipe espresso x. Ciabatta na focaccia, "fokachcha", zisemwe bila kuzitamka i zilizowekwa kwa ajili ya tahajia tu. Irabu zisome kwa Kiswahili chako, usihangaike kuzififisha ili ufanane na mtu wa London, maana hapo unaihama lafudhi iliyo karibu zaidi na asili. Shadda ziache, isipokuwa uko Italia na umeagiza penne. Panini ya umoja iseme tu, na wingi paninis, kwa sababu ndivyo Kiingereza kilivyo.

Na mwenzako akisema "brushetta", mwache ale. Hili nalisema hasa kwa wanaohudumia wageni. Malindi na Watamu zimekuwa na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipokuja na mradi wao wa anga wa San Marco, uliorusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na baadaye wakaja wenye hoteli, wenye piza na wastaafu. Vijana wengi wa huko wameokota Kiitaliano ufukweni na jikoni, moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza. Mgeni wa Kimarekani akimsikia mhudumu wa Malindi akisema "brusketta" na "nyokki", anaweza kudhani ni lafudhi ya Kiafrika inayopotosha maneno, akamrekebisha kwa upole. Mhudumu mwenye busara huitikia, "Yes, sir," na kwenda jikoni kuagiza kwa matamshi yake aliyofundishwa na mwenye mkahawa.

Limebaki neno moja linaloenea kwa kasi kwenye menyu za London na New York: 'nduja. Ni soseji laini ya kupaka, nyekundu kwa pilipili, kutoka kijiji cha Spilinga huko Calabria. Imetengenezwa kwa nguruwe, kwa hiyo wengi wenu mtaihitaji kwa kusoma tu. Waingereza inawatoa jasho. Lugha yao haianzi neno kwa nd, basi wanaitafutia irabu ya kuegemea, "en-duya", au wanaiangusha n, "duya", au wanakwepa kabisa na kuinyooshea kidole kwenye menyu. Mswahili anayesema ndugu na nduma haoni tatizo liko wapi. Kumbuka tu kwamba j ni y: "nduya".